Smirna ipo, mama atafika: siku tatu Izmir kwa miguu isiyopenda ngazi

Swali: "Nina duka la magauni ya harusi Kariakoo, na Novemba nakwenda Izmir kwenye maonyesho ya biashara. Nakwenda na mama yangu, ana miaka 68. Maonyesho yakiisha tunabakiwa na siku tatu. Wenzangu wanaofuata mzigo Uturuki wananiambia Izmir hakuna cha kuona: panda basi la watalii, ione Efeso, rudi Istanbul. Lakini mama ni msomaji wa Biblia, anataka kuiona Smirna yenyewe, na magoti yake hayataki ngazi. Je, wenzangu wana haki? Na tutazungukaje mjini bila kumaliza pesa kwenye teksi?"

Jibu:

Nipelekee mama shikamoo yangu, na umwambie Smirna, ambalo ndilo jina la kale la Izmir, ipo. Haiko porini wala haihitaji basi la watalii. Iko nyuma tu ya soko kuu la mji, imezungukwa na nyumba za watu, na nguo zimeanikwa madirishani juu ya nguzo za Kirumi.

Wenzako wamekosea, ila najua kilichowakosesha. Mtu anatoka Istanbul macho yamejaa misikiti na makasri, anashuka Izmir anakuta maghorofa ya kawaida na barabara pana. Anauliza mji wa kale uko wapi. Uliungua. Mwaka 1922, mwishoni mwa vita kati ya Ugiriki na Uturuki, jeshi la Uturuki liliingia mjini tarehe 9 Septemba, na siku nne baadaye ukazuka moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mitaa ya Wagiriki na Waarmenia. Maelfu ya watu walibanana ukingoni mwa bahari, moto nyuma yao, maji mbele yao. Ukingo ule leo ni Kordon, uwanja mrefu wa nyasi na mikahawa ambako vijana huketi jioni wakitafuna mbegu za alizeti. Na mahali zilipokuwa nyumba nyingi zilizoungua, sasa pana bustani ya Kültürpark, iliyofunguliwa mwaka 1936. Mimi nimepita hapo mara nyingi sana, na hadi leo sijaweza kupita kama mtu anayekatiza bustani tu.

Kwa hiyo Izmir haikutandikii ukale wake mezani. Lazima ujue pa kuangalia. Niliishi huko miaka sita nikisoma, kisha nikawa napeleka wageni kutoka kwetu, na jambo lililonifungua macho ni moja: huu ni mji wa ghuba, na ukitaka kuuelewa ufuate maji. Fuata yalipo leo, na fuata yalipokuwa zamani. Kwa bahati njema ushauri huo huo ndio unaomfaa mama, kwa sababu ukingo wote wa maji ni tambarare, na vilima viko nyuma.

Basi tuanze na pa kulala, maana hapo ndipo magoti yataokolewa au yataumia. Ghuba inaingia kutoka magharibi. Upande wa kusini ndiko Konak, kitovu cha mji, na soko. Upande wa kaskazini ni Karşıyaka, jina ambalo maana yake hasa ni Ng'ambo. Tafuteni hoteli Konak, Pasaport au Alsancak, zote ziko chini kando ya maji. Utaona hoteli za Basmane zina bei ndogo zaidi na ziko karibu na stesheni ya reli. Ni mtaa ninaoupenda, umejaa wahamiaji wa Syria na wa Afrika, na chakula chake ni cha bei nafuu. Lakini nyingi ni nyumba za zamani zenye ngazi nyembamba, na mtu mwenye magoti mabovu atapanda ngazi hizo kila akisahau miwani chumbani. Ongeza pesa kidogo mlale Alsancak.

Saa zenu msiziguse. Uturuki inatumia saa ile ile ya Afrika Mashariki mwaka mzima. Ila kwa kuwa Izmir iko mbali sana magharibi, mwishoni mwa Novemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na huzama kabla kidogo ya saa 12 jioni. Mchana ni mfupi. Anayezoea kuamka na jua atajikuta amepoteza nusu ya asubuhi.

Sasa usafiri. Kwenye mashine ya kituo chochote nunua kadi iitwayo İzmirim Kart, moja yako na moja ya mama, uzitie salio. Kadi hiyo hiyo inalipia metro, tramu, mabasi ya mjini, feri za ghuba na treni ya mjini iitwayo İZBAN. Treni hii ndiyo mtakayoitumia zaidi kwa kazi yako: inasimama uwanja wa ndege wa Adnan Menderes penyewe, na ukumbi mkubwa wa maonyesho uko Gaziemir, upande huo huo wa kusini mwa mji. Kutoka uwanjani kwenda Alsancak hambadilishi chochote, mnashuka kituo chenye jina hilo. Kwenda Konak mnashuka Hilal, mnaingia metro, na Konak ni kituo cha tatu. Nauli ya İZBAN inafuata umbali, na watu wengi wa kwetu hupoteza pesa hapa: mashine inakukata nauli kubwa unapoingia, na unapotoka unatakiwa kuigusisha kadi tena kwenye kifaa kilichoandikwa "iade", ndipo urudishiwe kilichozidi. Usipogusisha, imekwenda. Mimi mwenyewe nililipa nauli ya mwisho wa reli kwa wiki nzima kabla jirani hajanionea huruma akanishika mkono na kunielekeza.

Teksi ni za manjano na zina mita. Zitumieni pale tu penye kilima, na nitakuonyesha ni wapi. Andika unakokwenda kwenye simu umwonyeshe dereva, na usikubali safari ya bei ya mdomo mjini. Mita iwashwe.

Mama asiogope lugha. Atakaposalimiwa "merhaba" atadhani anajibiwa shikamoo, na hatakuwa amekosea sana, kwa sababu ni neno moja na marahaba yetu. Wote tumelipata kwa Waarabu, wao wakalifanya salamu, sisi tukalifanya jibu la mkubwa kwa mdogo. Duka kwao ni dükkân, kahawa ni kahve, sabuni ni sabun, na mkimaliza kula mkaomba "hesap" mtaletewa hesabu. Watamwita "teyze", yaani mama mdogo au khalati, na kwenye metro kijana atasimama ampishe bila kuombwa. Kwa hili Izmir haijawahi kuniangusha.

Siku ya kwanza msipande gari mapema. Nendeni uwanja wa Konak asubuhi, penye mnara wa saa. Unaitwa Saat Kulesi, neno la kwanza mama atalielewa bila mkalimani. Ulijengwa mwaka 1901 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Abdülhamid wa Pili kwenye kiti, una urefu wa mita 25, na aliyeuchora ni Raymond Charles Père, Mfaransa. Watu hupiga picha wakaondoka. Ninyi geukeni muutazame msikiti mdogo ulio karibu, wa pembe nane, wenye vigae vya buluu. Jina lake ni Yalı, maana yake msikiti wa ukingo wa maji. Leo maji yako mbali nao. Hapo mtakuwa mmeanza kuusoma mji: kila mara jina linapotaja bahari na bahari haipo, mjue ardhi mnayoikanyaga ilifukiwa.

Kutoka hapo ingieni Kemeraltı, soko lenyewe. Mtaa wake mkuu, Anafartalar, hauendi moja kwa moja, unapinda kama upinde wa mshale. Wengi hudhani ni vurugu ya soko la kale. Sivyo. Zamani hapa palikuwa na bandari ya ndani, na mtaa ulifuata ukingo wake. Bandari ikajaa tope, watu wakaifukia kidogo kidogo, wakajenga maduka juu yake. Bandari imekufa lakini ukingo umebaki, na kila mwenye kununua soksi pale anautembea ufukwe wa kale bila kujua. Mwambie mama hilo mkiwa ndani ya soko, halafu muone atakavyoutazama mtaa.

Katikati ya soko kuna jengo la mawe lenye ua, Kızlarağası Hanı, la mwaka 1744. Hani ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara wa safari: mizigo chini, wageni kulala juu. Mwenyeji akikuonyesha atakwambia habari za mazulia na vito. Mimi nataka uangalie jina. Kızlar Ağası kilikuwa cheo cha mkuu wa matowashi Waafrika katika kasri la sultani, mmoja wa watu wenye nguvu kabisa katika dola. Aliyelijenga hani hili anatajwa kuwa Hacı Beşir Ağa, mtu wa Uhabeshi aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafika kushika cheo hicho kwa karibu miaka 30. Kaeni hapo kwenye ua, mwagize kahawa inayopikwa ndani ya kikombe chenyewe juu ya makaa. Ni sifa ya mtaa huu. Kunyweni taratibu. Mnakunywa ndani ya nyumba ya Mwafrika.

Na siyo huyo peke yake. Katika karne ya 19 Waafrika wengi walioletwa kama watumwa walibaki Izmir na vijiji vyake baada ya kupata uhuru. Mjini walikaa kwenye mitaa ya mteremkoni, juu ya soko hili, na kila masika walikuwa na sikukuu yao, Dana Bayramı, sikukuu ya ndama, ikiongozwa na wanawake wazee. Ilikoma miaka ya 1920. Wajukuu na vitukuu wao wapo hadi leo, wanaongea Kituruki, wengi wako vijijini upande wa Torbalı, Bayındır na Tire. Mwaka 2006 Mustafa Olpak, ambaye wazee wake walichukuliwa kutoka Kenya wakauzwa kisiwani Krete, alianzisha chama chao katika mji wa Ayvalık, kaskazini ya hapa, na mwaka uliofuata sikukuu ya ndama ikarudi. Novemba hamtaikuta, ni ya Mei. Lakini mtu akimkazia mama macho sokoni kisha akamuuliza kama ni wa huku, asichukie. Inawezekana anauliza kwa dhati.

Mkiwa Kemeraltı mnaweza kukuta foleni mbele ya kigari chenye karai kubwa la mafuta. Ingieni kwenye foleni. Ni lokma: donge la unga wa hamira, linakaangwa, linatoswa kwenye shira ya sukari. Ndiyo, ni kaimati. Majina yote mawili yanatoka neno moja la Kiarabu lenye maana ya tonge. Izmir, familia ikifiwa, au ikikumbuka maiti wake, hukodi kigari na kugawa lokma bure kwa yeyote apitaye. Mpokeaji husema "Allah kabul etsin", Mungu aipokee. Hakuna anayeuliza wewe ni wa dini gani wala unatoka wapi. Nilipokuwa mgeni kabisa, baridi ya Januari, nikiwa na hamu ya nyumbani hata koo linauma, nilipewa kisahani cha lokma na mzee aliyefiwa na mkewe. Nilisimama kando ya barabara nikala nikilia. Mama ataelewa kuliko wewe.

Kwa kifungua kinywa jaribuni boyoz, andazi la tabaka tabaka linaloliwa na yai lililokaushwa tanurini hadi likawa na rangi ya kahawia. Waliolileta ni Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, ambao masinagogi yao bado yapo ndani ya Kemeraltı, kwenye mtaa wa Havra. Na ule mkate wa duara wenye ufuta ambao Istanbul unaitwa simit, hapa uitwe gevrek. Wenyeji wanalishikilia hili kwa moyo wote.

Sasa Smirna. Agora, yaani uwanja wa soko wa Smirna ya kale, iko upande wa juu wa soko la leo, kama dakika 10 kwa mguu mzima, lakini njia inapanda na ina magari. Hapa ndipo pa teksi. Ni safari fupi, dereva anaweza kununa, mwacheni anune. Mnalipa kiingilio mnaingia uwanjani. Mji wa Smirna uliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 178, ukajengwa upya kwa msaada wa Kaisari Marcus Aurelius, na sehemu kubwa ya mnayoyaona ni ya ujenzi huo. Nguzo zilizosimama zinapendeza kwenye picha, ila sehemu ya kukaa ni chini, kwenye matao ya mawe yaliyobeba jengo la mahakama na biashara. Kuna ubaridi, kuna mfereji ambao maji yake bado yanatiririka, na kwenye plasta ya kuta watu wa kale walichora meli na kuandika mafumbo na majina yao. Ardhi ina changarawe, hivyo mama aje na fimbo yake na viatu vya soli ya mpira.

Hapo afungue Ufunuo sura ya 2, mstari wa 8 hadi wa 11, asome kwa sauti. Kati ya makanisa saba, Smirna na Filadelfia ndiyo mawili tu yaliyoandikiwa bila kukemewa. Na katika mji huu, karne ya 2, askofu Polikapo alichomwa moto akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80 kwa kukataa kumkana Kristo. Kanisa Katoliki lenye jina lake liko chini mjini, karibu na kituo cha metro cha Çankaya, na lilisalimika katika moto wa 1922. Mara nyingi mlango umefungwa na lazima upige kengele, kwa hiyo mwombeni mtu wa hoteli apige simu kwanza.

Juu kabisa ya kilima mtaona ngome ya Kadifekale. Mtaambiwa mandhari yake ni ya ajabu, na ni kweli. Mama asiende. Kuna kitu kizuri zaidi kwa ajili yake, nitakifikia.

Siku ya pili ni Efeso, na nakuomba usichukue basi la watalii. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na kampuni moja, nikiwa na shangazi yangu. Tulikaa kwenye duka la makoti ya ngozi muda mrefu kuliko tuliokaa mbele ya maktaba ya Celsus, na shangazi akashindwa kuufikia uwanja wa maigizo kwa sababu kiongozi alikuwa anatazama saa. Sijasahau uso wake.

Pandeni treni ya mikoani kutoka stesheni ya Basmane, ile ya kuelekea Denizli, mshuke Selçuk. Inachukua zaidi kidogo ya saa moja. İZBAN nayo inafika Selçuk lakini mnabadilisha Tepeköy na kungoja. Reli mnayopita ndiyo ya kwanza Anatolia, upande wa Uturuki ulio Asia: kampuni ya Waingereza ilipewa kibali mwaka 1856, ikafika Aydın mwaka 1866, kazi yake kuteremsha tini na pamba hadi bandarini. Njiani mtapita Torbalı, nchi ya wale ndugu niliowataja. Mama akae dirishani.

Efeso ina milango miwili, wa juu na wa chini, na mtaa mkuu unateremka kutoka mmoja hadi mwingine. Dolmuş, ambazo ni daladala zao (neno lenyewe maana yake "imejaa"), kutoka Selçuk huwapeleka watu mlango wa chini, kwa hiyo wengi wasiojua huanza kwa kupanda. Ninyi chukueni teksi ya Selçuk hadi mlango wa juu, mteremke polepole, mtokee chini, ndipo mrudi kwa dolmuş. Mmelipa teksi moja tu na magoti hayajapanda. Fikeni mapema, kabla ya mabasi. Novemba kunanyesha, na marumaru iliyolainishwa na miguu ya karne nyingi ikilowa huteleza kama sabuni. Mshike mama mkono kwenye mtaa wa Kurete hata kama anasema hataki. Zile nyumba za matajiri zilizofunikwa paa zina ngazi nyingi za chuma. Nenda wewe, yeye akae kwenye jiwe aangalie paka.

Uso wa maktaba ya Celsus mnaoujua kwa picha ulikuwa umeanguka wote. Waakiolojia wa Austria waliusimamisha tena miaka ya 1970, kipande kwa kipande. Baada yake ni uwanja wa maigizo, ambao uliweza kuketisha watu kama 25,000. Hapo ndipo palipotokea ghasia ya Matendo 19, Demetrio mfua fedha na wenzake wakipiga kelele kwa ajili ya Artemi wa Waefeso. Msipande. Simameni chini, mtazame kinyume, upande wa barabara ndefu yenye nguzo. Barabara hiyo ilikwenda bandarini. Leo inaishia kwenye matete, na bahari iko kilomita kadhaa mbele. Mto ulileta tope mwaka hadi mwaka, bandari ikaziba, mji ukafa.

Smirna nayo ilikuwa iende njia hiyo hiyo. Mto Gediz ulikuwa unamwaga mchanga ghubani hadi mlango wake ukaanza kuwa mwembamba, na mwaka 1886 Waosmani wakaugeuza mto ukamwagikie mbali. Mji mmoja ni magofu na mwingine una watu zaidi ya milioni nne, na kati yao kuna tofauti ya tope. Kwangu hilo ndilo kubwa la kuliona Efeso, na kwenye basi sikuwahi kulisikia.

Mchana mtakuwa mmechoka. Kwa mama ningechagua makumbusho ya Selçuk: yako mjini, hayana kupanda, na ndani yake zimesimama sanamu mbili kubwa za Artemi ambazo zitampa picha ya kile Paulo alichokuwa anashindana nacho. Nguvu zikibaki, teksi iwapeleke Meryem Ana, nyumba ndogo mlimani inayoaminiwa na wengi kuwa Mariamu alimalizia maisha yake hapo. Waislamu na Wakristo husali humo, na hakuna dolmuş inayopanda. Msikiti wa İsa Bey, wa mwaka 1375, uko chini ya kilima cha mji, na ua wake ni mahali pazuri pa kupumzika mkingoja treni. Msijaribu vyote vitatu.

Siku ya tatu ianze na kazi yako. Kama maonyesho hayajakumaliza, pitia mtaa wa Mimar Kemalettin, kati ya Konak na Çankaya, umejaa magauni ya harusi na ya sherehe, na mafundi wanaoshona huko ndio wengi wanaouza kwenye ukumbi. Hakikisha tu siyo Jumapili. Siku hiyo mtaa huo na sehemu kubwa ya Kemeraltı hufungwa.

Kisha tramu kutoka Konak hadi Karataş, kwa lile jambo nililomwahidi mama badala ya Kadifekale. Nyumba za hapa zimegawanywa na genge refu, na zamani waliokaa juu walipanda ngazi 155. Mwaka 1907 mfanyabiashara Myahudi, Nesim Levi, aliwajengea mnara wa matofali wenye lifti ndani yake, kwa ajili ya wazee na wagonjwa na kina mama wenye watoto. Unaitwa Asansör na bado unafanya kazi. Mama aingie chini, atoke juu, ghuba yote iko mbele yake, na goti halijakunjwa hata mara moja. Nimewapeleka watu wazima pale wakanyamaza. Lifti iliyojengwa miaka zaidi ya mia iliyopita kwa sababu mtu alifikiria magoti ya majirani zake.

Jioni ibakizeni kwa feri. Gati la Konak liko karibu na mnara wa saa, safari ya kwenda Karşıyaka ni kama dakika 20, na nauli mnalipa kwa kadi ile ile. Nunua gevrek mbili kabla ya kupanda: moja ya kula, moja ya kuwamegea ndege wa baharini wanaofuata chombo. Pandeni kama saa 11 na robo. Kwenda, kaeni upande wa kushoto, jua litazama huko. Mkifika Karşıyaka tembeeni kidogo mtaa wa madukani ulio mbele ya gati, ni tambarare na hauna magari, mnywe chai, mrudi na feri giza likiingia. Kurudi mama akae mbele, dirishani. Taa zitaanza ukingoni na kupanda vilimani, na wewe utaweza kumwonyesha kwa kidole ile Kordon, lile soko lililopinda, na juu yake pale penye giza kidogo katikati ya nyumba, ndipo Agora. Pepo za lodos zikivuma kutoka kusini feri huweza kusimamishwa. Hilo likitokea siku ya tatu, mtarudi kwa İZBAN kutoka kituo cha Karşıyaka. Kwa hiyo kama jioni ya siku ya kwanza bahari imetulia, pandeni siku hiyo hiyo, msingoje.